Bibi Harusi Juu ya Foklifti

Lukresia Qamara hakujaliwa haya, na pale Karatu hakuna aliyewahi kumlaumu kwa hilo, maana kazi yake haikuwa na nafasi ya haya. Alikuwa dereva wa foklifti katika ghala moja la mazao nyuma ya soko. Mtu anayeinua magunia ya maharage mpaka karibu na bati, huku chini wanapita wachukuzi, wauza chai na mbuzi wa jirani, lazima awe na sauti. Sauti alikuwa nayo. Akipaza "Tokeni chini!" hata wauza mitumba wa ng'ambo ya barabara walisogea kidogo, kwa usalama wao.

Kwao ni Mbulumbulu, kwenye ngano na maharage. Aliteremka Karatu akiwa binti, akapata kibarua cha kuchambua maharage pamoja na akina mama wengine, wamekaa juu ya turubai wakitenga vijiwe na punje mbovu. Kazi yenyewe ilikuwa tamu kwa umbea na chungu kwa mgongo. Mikono yake ilikuwa kwenye ungo, macho yake kwenye ile mashine ya njano. Siku dereva alipopata kazi Arusha akaondoka bila kuaga, bosi alisimama katikati ya ghala ameshika kichwa. Lukresia akainuka, akakung'uta vumbi kwenye kitenge, akasema, "Bosi, mimi hiyo mashine nimeitazama mpaka naiota. Niachie nijaribu." Wenzake walicheka hadi nyungo zikamwagika. Akajaribu, akagonga mlango. Akajaribu tena, hakugonga. Baadaye alipelekwa kusomea, akarudi na leseni, na akina mama wa turubai wakamfanyia sherehe ya soda na maandazi.

Alichokipenda hasa hakikuwa usukani. Alipenda mafuta ya haidroliki, na akianza kuyasimulia ungedhani anamsifia mchumba. Watu wakiona gunia liko juu hudhani limekaa. Yeye alijua halijakaa, limeshikwa, na aliyelishika ni mafuta yaliyobanwa ndani ya silinda, yanatafuta upenyo tu. Yape upenyo mkubwa, yatatoka mbio na mzigo utayafuata. Yape upenyo mdogo, kwa subira, mzigo utashuka polepole kama mama anayemlaza mtoto. Kila kibarua mpya alipewa somo hilo kabla hajapewa koti: "Mzigo wa juu haujalala, umeshikwa tu. Usisimame chini ya kitu kilichoshikwa, hata kama aliyekishika ni mimi."

Mchumba wa kweli alimpata kwa njia hiyohiyo. Ngoyai alikuwa kijana wa Kimaasai kutoka Nainokanoka, juu huko Ngorongoro, anayeuza dawa za mifugo katika duka moja la Karatu. Alikuja ghalani kununua pumba za ng'ombe wa mama yake, akasimama chini ya mzigo, shingo juu, anashangaa. "Wewe mrefu!" Lukresia akamkemea. "Unataka kupunguzwa?" Ngoyai alicheka, akasogea, akalipa, akaondoka. Kesho yake akarudi kununua pumba nyingine. Ng'ombe wa mama yake walinenepa mwaka ule hadi majirani wakauliza wanalishwa nini.

Basi mapenzi yakanoga, posa ikapelekwa, wazee wa Kimbulu na wazee wa Kimaasai wakaketi, wakakumbushana vita vya mababu zao kwa utani, wakakubaliana. Kila kitu kilikwenda sawa isipokuwa kimoja. Mama yake Ngoyai, aliyeitwa Naishorua, hakusema neno. Katika vikao vyote alikaa kwenye kigoda chake, shanga shingoni, anamtazama Lukresia mikono. Alimpa salamu ile ya wanawake, "Takwenya," Lukresia akaitika "Iko," na mazungumzo yao yakawa yameishia hapo, kikao baada ya kikao. Hakukataa, hakukubali, hakuuliza hata jina la shangazi. Lukresia, ambaye aliweza kumfokea dereva wa lori la tani thelathini mpaka akaomba radhi, aliogopa ukimya ule kuliko kitu chochote. Ng'ombe hakuwataka, nyumba angejenga. Alitaka mama yule amwambie kitu, chochote, kabla harusi haijaisha, kwa sababu aliona wazi kwamba akiolewa bila neno lile atakuwa mgeni katika familia ile mpaka azeeke.

Harusi ilipokaribia, kamati ikaundwa, na mwenyekiti wake akawa Modest. Modest alikuwa dereva wa zamu, mwanafunzi wa Lukresia mwenyewe kwenye foklifti, mtu mnene, mcheshi, mwenye mawazo mengi kuliko breki. Mwezi uliopita kulikuwa na harusi ambayo maharusi waliingia ukumbini juu ya trekta lililopambwa, na Karatu nzima ilikuwa bado inaizungumza. Modest aliapa kwamba trekta litasahaulika. Ghala lilikuwa tupu, maharage yameshauzwa, bosi amelitoa bure liwe ukumbi. Kwa nini maharusi wasiingie juu ya foklifti ya bibi harusi mwenyewe, wamesimama kwenye kile kizimba cha chuma kinachotumika kubadilishia taa za juu, wainuliwe mbele ya wageni huku maua yanawamwagikia?

Lukresia alilipenda wazo hilo mpaka akaruka. Lakini ni fundi, hakukubali kienyeji. Asubuhi ya harusi alifika ghalani na rola kichwani na kanga kiunoni, akakagua pini za kizimba, minyororo, kiwango cha mafuta na matairi. Vyote vikawa sawa. Ambacho hakukikagua ni mapambo, kwa sababu mapambo yaliwekwa alipokuwa saluni. Modest alizungusha kitambaa cheupe cha satini kwenye nguzo za kuinulia, tangu chini hadi juu, akatundika taa za rangi zinazokonyeza, na nyaya za taa hizo akaziunga moja kwa moja kwenye betri ya foklifti. Alirudi nyuma akaitazama kazi yake, machozi yakamlenga.

Baada ya ibada, mchana mzuri wa jua na upepo wa baridi, wageni wakajaa ghalani. Upande mmoja wamekaa watu wa Mbulumbulu, suti na vitenge vya sare. Upande wa pili watu wa Nainokanoka, shuka nyekundu na za buluu, shanga zinameremeta, na mbele yao Mzee Moloimet, kaka wa baba yake Ngoyai, na fimbo yake mapajani. Naishorua amekaa pembeni yake kimya, kama kawaida. MC alikuwa Lekoko, kijana wa Kimaasai aliyelelewa Arusha, kipaza sauti hakimtoki mkononi.

"Wazee, wamama, washikaji!" Lekoko akatangaza. "Macho langoni! Wanaingia wenyewe!"

Milango mikubwa ikafunguliwa. Foklifti ikaingia inanguruma, taa zinakonyeza, maputo yanapepea, Modest kwenye usukani na suti iliyombana kila mahali. Ndani ya kizimba, Lukresia na gauni jeupe, maua kichwani, na Ngoyai na shuka nyekundu mpya, shanga, na sime kiunoni. Vigelegele vikapasua bati. Ilipofika tu ndani ya lango, Modest akasimamisha, akavuta liva, kizimba kikaanza kupanda. Kikapita vichwa vya watu, kikapita maputo, kikaendelea.

"Lukresia," Ngoyai akanong'ona. "Kuna kitu sijawahi kukuambia."

"Sasa hivi?"

"Mimi naogopa kwenda juu."

Lukresia akamtazama. Huyu ni mtu aliyewahi kumfukuza fisi zizini kwa fimbo na viatu vya matairi. Sasa amefumba macho, ameshika chuma kwa mikono miwili, na jasho linamtiririka chini ya shanga. Kicheko kilimpanda Lukresia kikamkwama kooni, akamshika kiuno mumewe na kumwambia, "Hatukai sana, mpenzi. Wanarusha maua, tunashuka."

Ndipo taa zote zikazimika. Injini ikakohoa, ikanyamaza. Kizimba kikasimama hukohuko juu.

Modest akawasha. Stata ikasema "tik," basi. Akasukuma liva ya kushushia, haikusikia. Foklifti ile ilikuwa ya kisasa, ina kufuli la umeme kwenye mafuta: umeme ukikata, mafuta yanafungiwa na mzigo unabaki palepale ulipo. Ni kitu kizuri sana, Lukresia mwenyewe alikuwa akikisifu darasani. Leo uzuri huo ulikuwa umemfungia yeye mwenyewe juu.

"Ndugu zangu," Lekoko akasema kwenye kipaza sauti, "wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Basi tungojeni!"

Watu wakaangua kicheko. Mtu akauliza ngazi iko wapi. Ngazi ilikuwa kanisani, iliazimwa jana kupambia madhabahu, na hata ingekuwepo, Lukresia hakuwa tayari kuteremka ngazi na gauni mbele ya wakwe wote wamekaa chini wanatazama juu. Ngoyai naye alitamka wazi, macho bado yamefumbwa, kwamba ngazi hapandi wala hashuki.

Hapo ndipo Mzee Moloimet aliposimama. Aligonga fimbo sakafuni, ghala likatulia.

"Mmeona?" akasema, na uso wake uling'aa kwa furaha. "Mmeona huyu binti? Amesimama langoni!"

Wamaasai wote wakavuta pumzi. Kwao, bibi harusi akifika kwenye lango la boma la mumewe husimama. Hasemi, hanyanyui mguu. Anangoja wakwe wamwahidi mnyama, na akiona ahadi bado ni nyembamba anaendelea kusimama. Si kiburi, ndiyo heshima yake, na wakwe humpenda bibi harusi anayejua kusimama vizuri. Na huyu wa Kimbulu, ambaye walidhani hajui mila yoyote, amefika langoni na kusimama, tena hewani, mahali ambapo hapajawahi kusimamiwa na mtu.

"Nampa kondoo!" Moloimet akatangaza.

Vigelegele. Watu wakatazama juu. Modest akajaribu kuwasha: tik. Kizimba hakikutikisika.

"Hajaridhika," Moloimet akasema kwa heshima kubwa. "Naongeza mbuzi, mwenye mimba."

Tik.

"Anajua thamani yake huyu!" mzee mwingine akapaza sauti, na mbuzi wa pili akaongezwa. Upande wa Mbulumbulu sasa ulikuwa umeshaelewa, na watu wakaanza kupigana viwiko na kujikaza wasicheke. Lekoko, ambaye alijua fika kinachoendelea, alinusa utamu wa jambo. "Bibi harusi bado anatafakari, wazee! Bado anatafakari!" Mama yake Lukresia, mlokole asiyeongopa hata bei ya mayai, alimtazama binti yake kule juu, akaweka kidole mdomoni. Shh.

"Wanasema nini?" Lukresia akauliza.

"Wanadhani umegoma," Ngoyai akajibu bila kufumbua macho. "Nyamaza kidogo tu, mpenzi. Mzee Moloimet ana mitamba mizuri sana."

Lukresia aliinamia chuma cha kizimba, mabega yanamtikisika. Wageni walidhani analia kwa uchungu wa kuacha kwao, vigelegele vikaongezeka. Alikuwa anacheka hadi mbavu zinamuuma, na ndani ya kicheko kile kulikuwa na woga, kwa maana alijua mchezo huu una mwisho na hakujua mwisho wenyewe ni upi.

"Mtamba!" Moloimet akanguruma, fimbo juu. "Wa kwangu mwenyewe, yule mweupe!"

Ghala likalipuka. Modest, jasho linamtoka, akawasha tena: tik.

Ndipo Naishorua akainuka kwenye kiti chake. Watu wakampisha. Akatembea polepole hadi kwenye foklifti, akaizunguka, akaweka kiganja kwenye ubavu wa injini na kukiacha hapo kidogo, kama anavyofanya mtu anayepima homa ya ndama. Kisha akarudi mbele, akainua uso. Shanga zikagongana.

"Mtoto," akasema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Ni wewe umekataa, ama ni hii imekufa?"

Lilikuwa neno lake la kwanza kwa Lukresia zaidi ya salamu. Moyo wa bibi harusi ulidunda hata kizimba kikaonekana kinadunda. Chini kulikuwa na kondoo mmoja, mbuzi wawili na mtamba mweupe. Chini kulikuwa na Mzee Moloimet aliyejitangazia ukarimu mbele ya watu wote, na ambaye angefedheheka. Mama yake bado kidole mdomoni. Ngoyai alifumbua jicho moja, akamtazama mkewe, akalifumba tena bila kusema kitu, na kwa hilo Lukresia alimpenda zaidi.

"Imekufa, yeyo," akasema. Yeyo ni mama, na sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyozoea. "Betri imeisha. Mimi sijakataa kitu. Ningeshuka tangu mwanzo, hata kwa kuku."

Moloimet alimtazama bibi harusi, akaitazama mashine, akatazama fimbo yake ambayo bado ilikuwa juu.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "mtamba wangu nilikuwa nakiahidi chuma?"

Sijui nani alianza kucheka. Nadhani ni Moloimet mwenyewe, maana alikuwa wa kwanza kukaa chini akishika tumbo. Baada ya hapo hapakuwa na Mmbulu wala Mmaasai, kulikuwa na watu wanaofuta machozi kwa vitambaa vya meza. Mama yake Lukresia alijifunika uso kwa mtandio. Naishorua peke yake hakucheka. Alibaki amesimama anamtazama Lukresia, na sasa hakuwa anatazama mikono.

"Haya," akasema. "Inashushwa vipi?"

Kuna njia, na Lukresia aliijua. Chini ya bamba la miguuni, pale dereva anapoweka viatu, kuna valvu ya dharura: skrubu kubwa iliyofungwa kwa nati. Unalegeza nati, unazungusha skrubu kidogo sana, mafuta yanapata upenyo, mzigo unashuka bila umeme wala injini. Modest akaleta spana, akafungua bolti za bamba. Moja ilikuwa imeliwa kichwa, haikutoka, kwa hiyo bamba likainuka upande mmoja tu, nafasi ya kupenyeza mkono. Mkono wa Modest uliingia mpaka katikati na kukwama, suti ikachanika kwapani kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni.

Lukresia, akichungulia kutoka juu, akaona kitu kingine, na kicheko kikamtoka chote. Kitambaa cha satini kilikuwa kimeingia kati ya mnyororo na roda yake, kimejisokota humo.

"Modest, toa mkono!" Hiyo ndiyo sauti yenyewe sasa. "Mtu asiguse kitu!"

Wote wakaganda. Kizimba kilikuwa kimeshikwa na mafuta, lakini pia kilikuwa kimeng'ang'aniwa na kitambaa. Mafuta yakiachiwa sasa, kizimba kingebaki kinaning'inia kwenye satini, mnyororo umelegea, mpaka satini ichoke. Ikichoka ingechoka mara moja, na wao wangeshuka mara moja.

"Ngoyai. Fumbua macho, baba."

"Siwezi."

"Kitambaa kile. Mimi mkono haufiki, wewe ni mrefu. Toa sime."

Ngoyai alifumbua macho. Aliona chini, akaguna, akachomoa sime. Mkewe akamshika mkanda kwa mikono miwili, miguu ameitanua ndani ya gauni la harusi, naye akajinyoosha nje ya kizimba, akakata, akavuta, akakata tena, huku akiwataja kwa Kimaasai ng'ombe wote anaowafahamu kwa majina yao. Satini ikadondoka vipandevipande juu ya kichwa cha Modest. Wanaume wa Nainokanoka wakampigia ukelele wa sifa, na Ngoyai akarudi ndani, akajibanza kwenye kona akitetemeka na kutabasamu.

"Sasa nani mwenye mkono mwembamba?" Lekoko akauliza, safari hii bila mzaha.

Naishorua alikuwa ameshaanza kuvua bangili zake. Alizivua zote, akamkabidhi Moloimet. "Nimegeuza wana-kondoo wangapi tumboni kwa mama zao," akasema. "Huko pia hakuna taa." Akapanda kwenye nafasi ya dereva, chini ya paa lake la chuma ambapo palikuwa salama, akapiga magoti, akaingiza mkono hadi karibu na kwapa, na spana ndogo kiganjani. Akafumba macho ili aone vizuri.

Hii ilikuwa mpya kwa Lukresia. Mwali kumwagiza mama mkwe, tena siku ya harusi, tena kutoka juu. Akajaribu kwa adabu: "Yeyo, samahani, nakuomba kama utapenda, ukipapasa taratibu, huenda ukagusa..."

"Mtoto," Naishorua akamkatiza kutoka kule chini. "Sema kama unavyosema kazini."

Lukresia akavuta pumzi.

"TOKENI CHINI!" akapaza, na ghala zima, MC na mlokole na Mzee Moloimet na bangili zake, wakarudi nyuma ukutani. "Yeyo, kulia kwako! Kuna kitu cha duara!"

"Kipo."

"Pembeni yake nati, ina pembe sita!"

"Naipata. Ina mafuta."

"Hiyohiyo! Zungusha kushoto, legeza tu, usitoe! Sasa skrubu ya katikati, kushoto, kidogo sana, kama unatia dawa jicho la ndama!"

Kukasikika sauti nyembamba, sss, na Lukresia akaihisi kwenye nyayo zake kabla hajaiona. Kizimba kiliteremka unene wa kidole. Kisha kidole kingine. Vigelegele vilianza chinichini kwa upande wa akina mama wa turubai, kwa hofu ya kuharibu, na kuongezeka kadiri kizimba kilivyoshuka. "Hapohapo, yeyo! Usiongeze! Mkono mzuri huo!"

Walipofika nusu, kizimba kikasimama.

"Yeyo? Imekwama?"

"Haijakwama," Naishorua akasema. "Nimefunga."

Aligeuza shingo, mkono bado umo ndani ya mashine, akamtazama bibi harusi. Kwa umbali ule walionana vizuri kabisa.

"Wewe una kazi hapa," akasema. "Huyu ana kazi hapa. Mimi niko kule kwenye baridi na ng'ombe. Ni mwanangu wa mwisho. Mtakuja, ama mtakuwa mnapiga simu tu?"

Kumbe ndicho kilichokuwa ndani ya ukimya ule wote. Jibu tamu likamjia Lukresia mdomoni, kwamba watakuja kila wiki. Akaliacha lipite.

"Msimu wa mavuno hatutakuja, yeyo. Ghala halilali, nitakudanganya nikisema. Lakini mavuno yakiisha tutakuja, na hatutakuja kunywa chai na kuondoka. Na nikijifungua, mtoto ataletwa kwako kabla hajajua kutambaa. Na wewe ukishuka Karatu, usilale kwa mtu mwingine. Nitakasirika, na watu hapa watakuambia nikikasirika nakuwaje."

"Ni kweli!" wachukuzi wakadakia kutoka ukutani.

Naishorua alifikiri. Hakuwa na haraka, na mkono wake haukutikisika.

"Leo umekataa kuongopa mara mbili," akasema mwishowe. "Mara ya kwanza nilidhani ni bahati."

Sss. Kizimba kikaanza tena kushuka, sawasawa, mpaka kikagusa sakafu bila hata kishindo. Lekoko alisahau kabisa kwamba ana kipaza sauti, akawa anapiga mayowe tu kama wengine. Ngoyai alitoka wa kwanza, akapapasa saruji kwa miguu kama mtu aliyerudi kutoka safari ndefu. Mzee Moloimet akaja mbio kutangaza kwamba mtamba mweupe ni wa bibi harusi, neno lililotoka mbele ya watu halirudi mdomoni, hata kama lilitolewa kwa chuma.

Lukresia hakumsikia vizuri. Alikuwa amekunja gauni, anakwenda kwa Naishorua, ambaye ndiyo kwanza anashuka kwenye mashine. Alipomfikia aliinamisha kichwa, kama wanavyofanya vijana wa Kimaasai mbele ya mkubwa, akangoja kiganja kiwekwe.

Hakikuwekwa. Naishorua aliutazama mkono wake, umeloa mafuta meusi hadi juu ya kiwiko, akatazama zile nywele zilizokaa saluni tangu asubuhi, na maua meupe, na shela. Akaurudisha mkono nyuma, akaanza kutafuta kitambaa.

"Mchafu," akasema.

"Hayo mafuta nayajua, yeyo," Lukresia akajibu, kichwa bado chini. "Weka."

Mkono ukaja, kiganja kizima, katikati ya maua. Ulikuwa mzito na wa moto, na haukuwa na haraka ya kuondoka.